Kabla Sijakupa Funguo

Aylén, weka begi chini.
Basi la Esquel umelikataa mwenyewe,
umesema utaendesha. Haya.
Funguo zimo mfukoni mwa aproni yangu
na bado sijazitoa.

Kwanza, popote utakapoegesha,
elekeza pua ya gari kwenye upepo.
Huku Trevelin upepo una tabia za mwizi:
fungua mlango ukiwa umeupa mgongo
uone utakavyoung'oa na bawaba zake.
Muulize jirani yetu Gwenllian;
mlango wake umefungwa kamba tangu Agosti.

Sasa inua boneti. Injini iwe imelala,
gari liwe tambarare, si hapo mteremkoni kwa kuku.
Chomoa kijiti cha oili, kifute, kirudishe,
kichomoe tena: mara ya kwanza husema uongo.
Rangi ya asali ni njema.
Rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa ni msiba,
maji yameingia pasipo pao.
Piga simu. Usiwashe.

Rejeta iliyochemka usiiguse.
Hata kidogo. Hata kwa kitambaa.
Mjomba wako Nahuel ana shavu moja la kijana
na moja la mzee; hilo la mzee
lilifungua kifuniko njiani Tecka,
kisa haraka ya kuwahi harusi.
Harusi ilimngoja. Ngozi haikungoja.

Upepo wa nje hatuuwezi.
Upepo wa ndani ya tairi, huo ni wako:
upime alfajiri, kabla barabara haijaupasha moto.
Na breki zikianza kulia
usiongeze sauti ya redio.
Ufa wa ukuta utazibwa hata mwakani;
ufa wa breki hauna mwakani.

Unatazama saa. Najua.
Unasema yote haya yamo kwenye simu.
Kwenye simu hamna baba yako.

Ulikuwa na miaka mitatu, umelala kiti cha nyuma,
tukakuhamishia kando ya barabara
ndani ya koti langu. Changarawe ya Corcovado,
pancha, jua limeshakwenda.
Rogelio akapiga jeki juu ya kokoto, bila ubao,
akafungua nati, na moja ikamponyoka
ikabiringika uvunguni.
Akajilaza kuifuata.
Nati moja, Aylén! Bei ya andazi!

Mimi nilishika tochi.
Na kabla hajajilaza, sijui kwa nini,
maana hakuwa na mazoea hayo,
alilisukuma lile tairi lenye pancha chini ya ubavu wa gari.
Au nililisukuma mimi.
Tumebishana miaka kumi na mitano.

Jeki ikapiga magoti.
Gari likashuka
likakalia mpira ule uliokufa,
likamwachia baba yako shibiri moja ya kifua.
Alivuta pumzi kama mtu anayeikopa.
Nikamburuta kwa miguu, suruali ikabaki magotini,
na wewe ukaamka ukacheka.

Kwa hiyo sikiliza hili, hata kama mengine umeyaacha:
breki ya mkono. Jiwe mbele na nyuma
ya gurudumu lisiloinuliwa.
Ubao chini ya jeki. Tairi la akiba chini ya ubavu,
na ukilivaa la akiba, lile bovu lishike zamu.
Kitu kikibiringika uvunguni, kiache kilale huko.
Nati hununuliwa.
Ukishazikaza, endesha kidogo,
simama, zikaze tena.
Na oili chafu usimwage mtoni; tuletee, tutaipeleka gereji.

Basi. Chukua.
Hapana, ngoja, hiyo ndogo ni ya buti,
huikwama, izungushe taratibu.
Humo utaukuta ubao.
Ndiyo, ule wangu wa mkate.
Usiniangalie hivyo.
Mimi nitakatia mezani.