Haiozi

Muuzaji wa Kariakoo alikigonga kwa kifundo cha kidole,
ndu, ndu, kikaitika.
"Hiki hakiozi, dada. Mti huliwa na mchwa,
chuma huliwa na kutu, hiki kitakuzika."
Mama akalipa. Viti vinne, vyeupe pe,
vikapanda mkokoteni hadi Tandika
pamoja na ndoo mbili, jagi,
na beseni la buluu lenye waridi chini.
Mwezi uliofuata akaolewa. Picha ipo:
Sikudhani binti Kibwana, kakaa wima,
hina mpaka kwenye kiwiko,
na kiti kinang'aa kuliko meno yake.

Miaka ishirini na sita ya jua la uani.
Ukipitisha kiganja kwenye mgongo wa kiti
kinarudi na unga, kama umeshika chaki.
Tulifuta. Tulijua ni vumbi la barabara.

Jumapili ya mahari ya mdogo wangu
mjomba Mwinjuma aliketi, akaegemea,
akafungua kinywa, "Waungwana,"
na mguu wa nyuma ukalia kra.
Haukupinda. Plastiki mpya hupinda kwanza,
hukupa nafasi ya kunyanyuka.
Hii ilipasuka kama ganda la yai
na kipande chenye ncha kikamwingia pajani.
Nyuzi saba, hospitali ya Temeke.
Mama alisimama na kanga yenye damu mkononi,
analitaja jina lake kama mtu anayeungama:
"Sikudhani. Wallahi sikudhani."

Toka siku ile nagonga kila kitu.
Ndoo inajibu kwa sauti nyembamba, ya mgonjwa.
Kopo la msalani lina ufa uliofichwa na ukoga.
Kopo la siagi tunalowekea chumvi
limepata rangi ya kucha za mvuta tumbaku,
na ndani ya chumvi nilikuta kipande chake, cheupe,
kidogo kuliko punje ya mchele.
Nilikitoa. Kisha nikajiuliza
vingapi vilikuwa vidogo kuliko hicho,
na mchuzi wa miaka yote hiyo tuliusifia nini.

Fundi wa kushona mabeseni bado hupita.
Anatoboa kwa msumari wa moto, anapitisha waya,
moshi unakaba koo.
Mama humwita, mimi humfukuza.
Siku moja tuligombana hadi majirani wakazima redio.
"Unatupa vitu vyangu kama vile nimeshakufa."
Sikumjibu.

Nikavitia kwenye viroba, kiti nikakibeba begani
hadi kwa kijana wa mizani, karibu na reli.
Chupa alipokea. Kiti alikikunja kwa mikono miwili,
kikabaki nusu huku, nusu huku.
"Hiki kimekufa, kaka. Hata kwenye mashine hawakitaki.
Rudi nacho."
Nikarudi nacho.
Hakiozi, ni kweli. Kipo nyuma ya choo,
kinajisaga chenyewe, kila mvua inachukua kidogo
kwenda mtaroni, na mtaro una safari zake.

Mwaka umepita. Mdogo wangu kajifungua.
Mama akaingiza mkono uvunguni mwa kitanda
akatoa beseni la buluu, kalifunga kwenye kanga
siku zote zile, wala sikujua.
Waridi limebaki kivuli.
"Wote wanne nimewaogeshea humu."
Nilizungusha kidole ukingoni, taratibu,
naye akinitazama kama mtu anayesubiri majibu ya daktari.
Karibu na mkono wa beseni, ufa. Mrefu kama kope.
Hakuna aliyesema kitu.

Akaliweka kando. Akavuta kigoda cha mninga,
cha bibi yake, chenye matundu matatu ya mchwa,
akanyoosha miguu, akamlaza mjukuu juu ya miundi,
juu ya ngozi iliyochakaa, yenye makovu ya mafuta ya moto.
Mimi nimesimama na sufuria ya maji ya uvuguvugu.
"Haya, mimina," akasema.
"Au na mimi unataka kunigonga kwanza?"