Chuma cha Vishimo Saba

Mchele niliuloweka jana baada ya Isha,
alfajiri nikausaga kwa mashine inayolia
kama mtoto mwenye chango.
Nazi ni ya kopo. Sitawadanganya.
Ibra mnazi hauoti; huota mitende, na madeni.

Saa mbili nimeshatandika.
Kulia kwangu muuza udi na bangili za plastiki,
kushoto Bi Ghubaisha aliyetoka mchangani,
samli yake ndani ya chupa za maji,
na madonge ya jibini kavu, meupe,
magumu kama kokoto za wadi.
Miaka kumi na moja, mkeka kwa mkeka,
na kila Jumatano ni salamu, habari za magoti, basi.
Siku ya kwanza nilimnyooshea kitumbua.
Akasema, "Sukari," akajigusa mguu.
Nikasema naam, sukari.
Sikurudia.

Leo kaja Muzna na wageni wake tisa,
wanawake watupu. Waume wameachwa kwenye basi,
soko hili ndevu haziingii.
Kila mmoja katoa riali thelathini
ili ale asubuhi moja.
Kwa riali thelathini mimi nakukaangia mpaka Ramadhani,
na ndugu yako juu.

"Hiki," anawaambia, kwa Kiingereza kilichopigwa pasi,
"ni chakula cha kale cha hapahapa Ibra."
Cha kale!
Chuma hiki mama alikileta mwaka sabini na tatu,
kimefungwa ndani ya khanga mbili.
Afande wa uwanja wa ndege akakigeuza, akakigonga,
akahesabu vishimo kwa kidole,
akauliza, hii silaha gani?
Mama akamjibu: ya njaa.

Sikusema kitu.
Mgeni njoo, mwenyeji apone,
na mwenyeji ana bili ya umeme.

Wakapiga picha mafuta. Wakapiga picha vidole vyangu.
Kopo la nazi nikalisukuma nyuma ya ndoo.
Bibi mmoja mwenye kofia ya ukili
alitafuna macho kayafumba,
kama anayesikiliza simu ya mbali, na laini inakatika.
Wengine waligawana robo kwa robo,
maana mbele bado kuna halwa, kahawa,
maziwa ya ngamia, asali, sijui nini tena.
Tumbo la mtalii ni daftari:
kila ukurasa mstari mmoja.

Wakaenda zao.
Kwenye sinia vimebaki vitumbua kumi na sita
vilivyolipiwa. Vyangu si vyangu,
na wenyewe hawapo.
Mtu huuzaje kitu mara mbili?

"Hicho walichokipandia ndege," akasema Bi Ghubaisha,
bila kugeuka, "kina nini?"
Kiarabu changu kina nazi hata leo, lakini nikamhesabia:
mchele, hamira, iliki.
"Na sukari."
Na sukari.

Akanyoosha mkono.
Akainua barakoa kwa vidole viwili, chini tu,
kama anayefunua chungu asitake mvuke utoke,
akala kimoja. Kizima.
Akala cha pili.
Nikangoja kama ninayengoja daktari.

"Umekosea," akasema. "Hiki kinataka samli."

Akafungua chupa yake mwenyewe,
akamimina kwenye vishimo, vyote saba, hakupima,
na ile harufu ya moshi na maziwa na ngozi ya mbuzi
ikanipanda hadi kwenye nywele.
Nikamimina unga juu yake.
Ukalia sauti nisiyoijua.

Naye akanipa donge moja. "Usitafune. Lipe muda."
Uchachu kwanza, kisha chumvi,
kisha kitu kama mvua ikigonga vumbi.

Muzna akarudi mbio, kuna aliyesahau mwavuli.
Akasimama, akanusa.
"Hicho ni nini? Hakimo kwenye orodha yangu."
Bi Ghubaisha barakoa alishaishusha.
Na mimi ningejibu vipi?
Donge lilikuwa shavuni,
wala halijaanza kuyeyuka.