Kaniki, Miwani, Mtandika

Kazi ilikuwa ya siku tatu, malipo kwa dakika:
filamu ya bata wa bahari za kaskazini,
niitafsiri, niisome, Ijumaa wachukue.
Chumba cha Mwenge, feni, luku inalia kama kifaranga.
Bata kumi na saba. Nikafungua kamusi.
Kamusi ikanipa: bata.

Tunao bata maji. Tunao bata mzinga
ambaye hajawahi kulipua hata fataki.
Tunao bata bukini, kwao Bukini,
na hakuna aliyemwomba hati ya kusafiria.
Na mjini hapa kila Jumamosi watu wanakula bata
bila unyoya mmoja kuanguka.
Lakini huyu anayezama chini ya barafu
akaibuka na kome mdomoni,
huyu ni nani?

"Barafu ya ubuyu?" akauliza Tatu, mwanangu,
maana nyumba ya pili wameandika kwa mkaa ukutani: BARAFU ZIPO.
Nikamwambia hapana, ni bahari yenyewe imeganda,
toka ukingo hadi usipoona.
Akafikiri sana.
"Sasa anaiuza nani?"

Nikaenda Shekilango kwa Mwinjuma,
anayeshika bata miguu tangu sijaolewa.
Nikamwonyesha picha kwenye simu.
"Huyu mweusi tii, kaniki huyu.
Huyu kavaa miwani.
Huyu mdomo wake msumeno, mpeleke Keko akapasue mbao.
Na huyu, lo! Huyu kajifunga doti nzima ya khanga.
Ni jike?"
"Dume."
"Na jike lake?"
"Kahawia tu."
Akatikisa kichwa. "Basi mkewe kamwazima nguo."
Nikaandika yote nyuma ya risiti.

Jina moja kwenye orodha lilikuwa limekatwa kwa wino.
Lilimtukana bibi kizee wa watu wa huko,
wakalifuta, wakamwita mkia-mrefu.
Nikamkumbuka mama ntilie
aliyelala akaamka mama lishe,
sufuria ile ile, moshi ule ule machoni,
ila mwanawe sasa anaitaja kazi ya mama darasani
bila kuinama.

Akabaki mmoja.
Huyo nilimpata Ilala, kwenye mabelo ya Shukuru Mbwambo:
koti nene, mali ya wanaokwenda Makete,
mshono wa kwapa umefumuka.
Nikavuta. Kikatoka kitu cha kijivu,
unyoya usio na uti, ule tunaouita malaika,
mwepesi hata kiganja hakikupata habari.
Ni Januari, saa saba mchana, jasho mpaka kwenye kope,
nami nimeshika joto la mwingine.
Filamu inasema jike hujinyonyoa kifua
akayatandikia mayai yake.
Watu huja, huchukua.
Hujinyonyoa tena.
"Dada," akasema Shukuru, "unanunua au unachungulia?"
Nikaandika: mtandika.

Ijumaa mhariri akatazama saa.
"Majina marefu, picha fupi. Sema bata."
Nikasema bata.
Mara kumi na saba nikasema bata,
sauti ikatoka safi, wakanilipa.

Mwezi uliofuata nikapita Shekilango.
Mwinjuma kabandika vipande vya boksi kwenye matundu:
KANIKI 25,000. MIWANI 30,000,
yule mwenye duara jeupe machoni.
Wateja wanaagiza kwa jina.
"Khanga kaisha asubuhi, harusi ya Manzese.
Ila yule wa mwisho kwenye karatasi yako, mtandika,
nikimtaja watu wanamtaka. Nitamtoa wapi?"

Kwanza nikamwomba apunguze bei ya kaniki.
Akagoma. Nikatoa noti, akamfunga miguu.
Kisha nikamwambia: yule
haji mzima.