Mfalme wa Siku Tano

Karanga za Mwanakheri, Barabara ya Kumi na Mbili,
zinafungwa kwa wafalme.
Alinunua kitabu kwa kilo, pamoja na madaftari ya mitihani,
siku walipofagia stoo ya shule kule Chumbageni,
na tangu Mfungo Sita ananitilia karanga za mia mbili
ndani ya mtu aliyewahi kuitetemesha nusu ya Ulaya.

Mimi nilikuwa karani wa stesheni.
Miaka thelathini na moja: imefika, imeondoka, imechelewa.
Kwa hiyo wafalme hawanipi tabu.
Huyu amefika kwenye kiti ana miezi tisa,
taji lamtosha kiunoni.
Yule aliamini mwili wake ni kioo,
akakataza asiguswe, hata na mkewe, hata na kinyozi.
("Angeozwa Tanga huyo," kasema Mwanakheri,
"angepasuka siku ya singo.")
Malkia mmoja alizunguka nchi na jeneza la mumewe,
usiku kwa usiku,
kama behewa lililokosa injini.

Kurasa haziji kwa zamu.
Jumatatu mtu anakatwa kichwa, Alhamisi ndiyo anazaliwa.
Vita vya miaka mia nilivimaliza kwa wiki mbili,
kasoro kurasa nne alizopewa Shekalaghe, fundi baiskeli,
naye akaapa hakuona vita yoyote,
yeye huangalia chumvi.

Jana nimepewa mfalme wa siku tano.

Baba alikufa, mama ana mimba.
Nchi nzima, na majeshi yake, na wadai wake,
ikakaa kulisikiliza tumbo.
Akazaliwa mfalme tayari. Alipolia, ilikuwa amri.
Siku ya tano akaondoka,
na ami yake akalitwaa taji
kabla maziwa ya mama hayajakauka.
Jina limeliwa na mafuta.
Baada ya doa yamebaki maneno mawili:
wa Kwanza.

Bombo, wodi ya juu, dirisha limeelekea bandarini,
mwaka ule bei ya mkonge ilipoanguka.
Wetu naye alikaa siku tano.
Ngojeni ya saba ndipo mumpe jina, walisema wanawake,
na ya saba haikutimu.
Nilimbeba mwenyewe hadi makaburini;
hakuizidi uzito taa yangu ya ishara.
Kesho yake nilikuwa zamu ya asubuhi.
Niliandika: imefika saa mbili na dakika kumi.
Mwandiko wangu, nimewahi kuutazama tena, haukutikisika.
Hilo sijalisamehe.

"Zina mchanga?" aliniuliza Mwanakheri,
maana nilikuwa nimesimama tu na karanga zinapoa.
Nikamwambia hazina.
Nikazimimina mfukoni, nikaikunjua karatasi,
nikaenda nayo nyumbani nimeishika kwa ncha
kama mtu aliyebeba picha mbichi.

Mwanamize hasomi herufi hizi, husoma zile za chuoni.
Akainusa. "Nani huyu?"
"Mfalme. Wa siku tano."
Akanyamaza.
Kidole gumba kikapita juu ya vidole vyake, kimoja kimoja,
kikafika cha mwisho, kikarudi.
Miaka arobaini hatujalitaja jambo lile,
tumelipitia kando kama watu wapitavyo shimo la mtaani kwao,
hata gizani, bila kuangalia.
Kisha akauliza swali ambalo kitabu kizima,
na ndimi zake zote za mapanga, sijaona kikiuliza:
"Na mama yake je?"

Nikageuza upande wa pili.
Ami anavishwa taji. Kengele. Maaskofu. Karamu.
Mstari wa chini kabisa unaanza: Mjane wa marehemu
na hapo ukurasa unakwisha.

Leo nimefika Barabara ya Kumi na Mbili
kabla Mwanakheri hajawasha jiko.
Nimemwambia asifunge karanga za mtu yeyote.
Kisha nimemuomba anitajie, taratibu, mmoja mmoja,
kila aliyenunua jana baada yangu.