Kodi na Kodi

Lugha yetu, Mutheu, ilibana mkono hapa:
ilitupa neno moja tu, kodi,
la kumlipa mwenye nyumba na la kumlipa mwenye nchi,
kana kwamba ilijua zamani
kuwa mfuko unaotolewa ni mmoja.

Tangazo lilibandikwa kando ya mita za stima,
mlango wa chini, jengo letu la Tassia:
LETA MPANGAJI UPEWE ELFU TANO.
Herufi nyekundu, gundi ya unga wa ngano.
Nikakukumbuka wewe, na choo chenu cha ploti nzima kule Mukuru,
na wanao wakiandika juu ya ndoo iliyopinduliwa.
Nakuapia, nilikukumbuka wewe kwanza.
Zile elfu tano nilizikumbuka za pili,
ingawa mlifuatana karibu sana,
kama watu wa foleni.

Ukaja. Ukaipenda 4B, dirisha lake la jikoni.
Hukuuliza, nami sikusema,
kwamba maji hapa ni Jumanne na Ijumaa.

Tarehe tatu Novemba, simu ikatetemeka:
elfu nne, mia saba na hamsini.
Nikashuka kwa Sifuma wakala, leso begani.
"Mia mbili na hamsini iko wapi?"
"Hiyo ni kamisheni, Mama Bosibori.
Kamisheni hukatwa mlangoni, kabla haijavua viatu."
"Mimi si dalali. Nilimwambia rafiki yangu pana nyumba."
Akafuta miwani kwa shati.
"Serikali haiulizi ulisema kwa moyo gani.
Inauliza ulipewa nini."

Okumbe wa 1A alinicheka.
Yeye alipomleta shemeji yake alikataa pesa,
akaomba apunguziwe kodi ya mwezi.
"Sikupokea kitu," anasema. "Nimedaiwa pungufu, basi."
Sijui kama ni werevu
au ni kujificha nyuma ya pazia, miguu iko nje.
Usiku nikapiga hesabu:
kodi iliyopunguzwa, je, nayo ina kodi?
Na hiyo kodi ya kodi, ni ya nyumba au ya nchi?
Usingizi nao ukakatwa sehemu yake.

Wewe ulijua mwezi wa tano,
tukiwa kwenye mfereji, mitungi ya manjano mbele yetu.
Nani alikwambia sikuuliza.
"Kumbe mimi ni elfu tano," ukasema,
ukasukuma mtungi hatua moja kwa mguu.
Nilitaka kukusahihisha:
elfu nne, mia saba na hamsini.
Ulimi ukanigoma. Naushukuru hadi leo.

Juni, siku za mwisho, foleni ya saibakafe
imefika kwa muuza mitumba.
Kila mwaka Mwiti hunijazia sufuri, nalipa mia moja, naenda.
Safari hii nikamwambia, "Ngoja. Kuna kitu."
"Kazi gani?"
"Nilimwita mtu awe jirani yangu."
Akatafuta kisanduku cha hayo. Hakipo.
Akaandika kamisheni.
"Cheti cha makato?"
Sifuma alisema kesho. Kesho hiyo ni ya tangu Novemba.
"Mama, weka sufuri tu," akanong'ona, "nani atajua?"
Nikatazama kile kidoti kikipepesa kwenye skrini.
Kuna mmoja anayejua, anateka maji Jumanne na Ijumaa.
"Andika," nikasema. "Andika elfu tano nzima."

Jumamosi ukahama.
Nilishika upande mmoja wa godoro, wewe mwingine,
ngazi nne, hatukusema ila "pole" na "kata kona".
Chini, kando ya mita, gundi bado mbichi,
tangazo jipya: ELFU SITA.
Tulilisoma sote wawili, godoro kati yetu.
Wewe ulitazama mbele.
Nami, Mungu anisamehe,
kimoyomoyo nilikuwa nimeshatoa mia tatu.