Robo Mzunguko

Udongo ni chaki. Ile ile
iliyotukausha vidole darasa la tatu,
ila huku imelala kilima kizima,
na ukichimba futi moja jembe linatoka jeupe
kama limechovywa kwenye unga.

Hapa, maili nne kutoka Lewes, palikuwa na nguruwe.
Mzee Wilfred Akehurst hakuona haya kusema,
na banda lao ndilo ghala letu leo:
kuta nene, baridi moja Januari na Julai,
na siku za mvua, ukivuta pumzi vizuri,
nguruwe bado wapo.

Kisha ikaja dhoruba ya themanini na saba.
Usiku mmoja mitufaa mia mbili na kumi
ikalala kifudifudi, mizizi juu.
Wilfred alikaa jikoni siku tatu, kofia kichwani.
Siku ya nne mkewe, Muriel,
akauza kinanda cha mama yake
akanunua miche ya mizabibu: vijiti vikavu
usivyoweza kuvitofautisha na kuni.
Majirani walicheka mpaka kanisani.
Mvinyo, Sussex! Kama mtu aliyesema
atapanda karafuu kwenye barafu.

Chupa za kwanza zililipuka.
Hamira ilipewa sukari kupita kiasi, kioo kikashindwa;
usiku kucha pa, pa, pa,
na Muriel mlangoni, sufuria kichwani, akihesabu.
Mia nne na sitini.
Aliiandika ukutani kwa chaki ya shamba.
Hakuna aliyeifuta.

Mimi nilikuja kuvuna wiki mbili.
Huu ni mwaka wa kumi na tisa.
Kazi yangu ni kugeuza: chupa imechomekwa ubaoni,
kichwa chini kidogo, robo mzunguko leo, robo kesho,
sira ziteremke taratibu mpaka shingoni.
Mikono miwili, chupa mbili, elfu tatu kabla ya chai.
Mwisho shingo hugandishwa, kizibo hung'olewa,
na uchafu wote hutoka mara moja
kama jino la mtoto.

Tuna mvinyo mweupe wa zabibu nyeupe,
na mweupe wa zabibu nyeusi, jambo ambalo
nilidhani ni utani hadi nilipoona zikikamuliwa.
Na wa waridi, unaoitwa Muriel,
ingawa Muriel mwenyewe haupendi.
Wageni husema: tufaha, mkate wa moto, chumvi.
Mimi sijui. Sijauonja.
Dini yangu wanaijua hapa
na hakuna aliyewahi kunisogezea glasi.

Lakini babu mzaa mama alikuwa mgema,
na msemo ule ninao kwenye damu:
mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.
Kwa hiyo mwaka tulipopata medali
nilimtazama Clive, mwana wa Wilfred, kwa jicho la pembeni.
Hakutia maji.
Mbingu ndizo zilizotia. Mwaka uliofuata
mvua Juni, mvua Septemba, hatukupata hata kikapu.
Clive aliandika daftarini, Hapana,
akaenda kula viazi vyake.

Alhamisi Muriel huteremka na mkongojo.
Miaka tisini na mmoja; macho yamekwisha,
na daktari amempiga marufuku.
Hufungua moja, hujaza glasi mbili, yake na yangu,
na hatunywi. Tunatega masikio.
Povu lina lugha: la zamani hunong'ona,
changa hupiga kelele kama maandazi kwenye mafuta.

"Tisini na tano," husema.
Nageuza chupa, nasoma lebo.
Tisini na sita.
"Jua lilichelewa mwaka ule," hujibu.
"Si kosa langu."