Fundi wa Vitasa, Kutaisi

Nyumba njema si mlango, twaambiwa.
Nestan huanza na mlango.

Saa nane usiku, theluji barabarani imegeuka tope,
anapanda ghorofa ya tano, lifti imekufa,
kisanduku begani, bisibisi mfukoni mwa koti.
Ubao wa mlango una alama ya buti.
Haulizi. Aliwahi kuuliza, mwaka wa kwanza,
akajifunza kuwasha tochi na kunyamaza.

Mwanamke, shavu limevimba,
anamwomba radhi kwa vumbi la sakafuni.

Kitasa cha zamani kinatoka kama jino.
Kipya kinaingia; skrubu moja inakataa,
anaitukana kwa sauti ndogo,
mtoto anacheka kitandani.

Miaka thelathini na moja. Milango mingapi, hakuhesabu.
Wakili atakuja asubuhi, na hakimu, labda, mwezi ujao;
kazi yake yeye ni usiku huu tu.

Funguo mbili. "Zote zako," anasema.
Mwanamke anafunga, anafungua, anafunga tena,
kama anayejifunza kusoma.

Kwake, Nestan ana komeo lenye kutu
alilojitengenezea akiwa na miaka kumi na tisa,
kwa kisu cha mezani.
Hajalibadilisha.